Mafuta Tete Katika Unga wa Mbao

Kwenye chupa ndogo za mafuta ya mkaratusi au mchaichai utakuta lebo ya Kiswahili imeandikwa "mafuta muhimu". Tafsiri hiyo imepotoka. Kiingereza kilichukua neno lake, "essential", kutoka Kilatini, ambako linahusu kiini cha kitu, na wakenekaji wa kale wa Ulaya, waliotoa mafuta hayo kwa mvuke, waliona harufu kuwa ndiyo asili yenyewe ya mmea. Hakuna aliyekusudia kusema kwamba mafuta hayo ni ya lazima.

"Mafuta ya kunukia" ni afadhali, ila yanakusanya mengi mno. Mafuta ya nazi yaliyotiwa asumini nayo hunukia, lakini yadondoshe kwenye karatasi uone: doa halitoki. Mafuta ya mchaichai hupaa yakaisha. Kwa sababu hiyo nachagua "mafuta tete", tete kwa maana ya kitu kisichokawia kugeuka mvuke.

Utete huo ndio unaoufanya unga wa mbao uwe mali. Chukua mtarakwa, mti wa milima ya Kenya, Ethiopia na Usambara. Mafuta yake yamejaa kwenye moyo wa gogo, ile sehemu nyekundu ya ndani. Mbao nyeupe ya pembeni haina kitu. Katika unga, meno ya msumeno yamekwisha kuivunjavunja mbao hiyo nyekundu, kazi ambayo mkenekaji angeilipia. Huko Marekani, mafuta ya ndugu wa mtarakwa, Juniperus virginiana, hutolewa kwenye unga na vipande vinavyobaki katika kazi za mbao.

Kukeneka ni kugeuza kitu kuwa mvuke, kisha kuupoza mvuke huo urudi kuwa majimaji. Wapishi wa gongo wanaijua kazi hii vizuri. Kwenye mbao, mvuke wa maji hupitishwa katikati ya unga uliojazwa kwenye pipa, ukabeba mafuta hadi kwenye bomba lililozamishwa katika maji baridi. Hapa pana jambo la kustaajabisha: mafuta ya mtarakwa yakiwa peke yake huchemka kwenye nyuzi zaidi ya 250 za Selsiasi, lakini yakiwa pamoja na maji hutoka kabla ya nyuzi 100, kwa kuwa shinikizo la mvuke wa maji na la mafuta hujumlishwa. Harufu inatoka bila kuungua. Mwishoni mafuta ya mtarakwa kwa kawaida huelea juu ya maji. Ya karafuu huzama. Pemba wanalijua hilo, kwa kuwa kiwanda cha Wawi hukeneka makonyo, yale mabua ya karafuu.

Unga laini mno hushikamana, mvuke ukatafuta upenyo mmoja na kuacha sehemu kubwa bila kuguswa, hivyo uchanganywe na maranda. Uwe mbichi pia, maana uliokaa juani umekwisha kupoteza sehemu ya mafuta. Unga wa plaiwudi au wa mbao zilizotiwa dawa usiguswe kabisa: gundi na sumu hazifai kuingia kwenye pipa. Masalia ya unga uliokwisha kukenekwa yakikauka hutumika kuwashia moto wa pipa linalofuata.

Ninyi mnaochapisha lebo na vitabu vya kemia, acheni "muhimu". Andikeni "mafuta tete ya mtarakwa, yaliyokenekwa kwa mvuke", na mnunuzi atajua alichonunua na jinsi kilivyopatikana.