KAWIA UFIKE: HABARI ZA MASOMO YA MATAYARISHO HUKO MAREKANI

Katika mwaka wa 1901, mjini Joliet, jimbo la Illinois, kilifunguliwa chuo cha umma cha miaka miwili. Vyuo vya namna hiyo, viitwavyo vyuo vya jumuiya, viliongezeka sana baada ya Vita Kuu ya Pili, vikapokea wana wa wafanyakazi na wa wahamiaji kwa karo ndogo.

Walakini wengi walioingia walipewa kwanza mtihani mfupi wa hesabu na Kiingereza. Aliyeshindwa hakurudishwa kwao, bali alitiwa katika masomo ya matayarisho, ambayo aliyalipia karo nayo hayakuhesabiwa katika cheti chake. Nia ilikuwa njema, kwani wahenga wetu nao walinena: Kawia ufike. Lakini wengi wa hawa walikawia wasifike. Kila muhula fedha zilipungua, kazi na watoto vikawaita, nao wakaondoka mikono mitupu. Na kwa kuwa Wamarekani weusi na wenye asili ya Kilatino ndio waliopelekwa huko zaidi, pengo lililoanzia shuleni likazidi kupanuka.

Mwaka 2012 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Columbia walionyesha kwamba mtihani ule uliwakosea wengi ambao wangaliweza kufaulu somo lenyewe, na kwamba alama za sekondari ni kipimo bora. Basi Tennessee, tangu 2015, ikawaweka wanafunzi katika somo lenyewe moja kwa moja, na msaada kando yake. California nayo ilitunga sheria mwaka 2017 ya kuzuia vyuo kumlazimisha mtu matayarisho pasipo sababu ya nguvu. Waliofaulu wakaongezeka katika kila kundi, ingawa pengo halikuzibwa lote.

Mjini New York, mpango ulioanzishwa mwaka 2007 uliwapa wanafunzi nauli, vitabu, na mshauri wa kuwaangalia kwa karibu. Ulipojaribiwa kwa waliohitaji matayarisho, katika kila mia walihitimu 40 ndani ya miaka mitatu, hali wenzao wasio na msaada huo walikuwa 22.

Sisi tuchangao karo za vijana wetu twaona hapa jambo la kufikiriwa na wazee. Tumezoea kuuliza ni nani aliyeingia chuoni. Yafaa tuulize pia ni nani aliyemaliza, na aliyekwama alikwamishwa na nini: nauli, kitabu, au kukosa wa kumshauri. Hayo chama chaweza kuyatenda.