Safu ya Lugha: Changamoto

Tangazo moja la washonaji hapa Kampala linamwalika kila mmoja ashone mfarishi mdogo wa kutundika ukutani, wenye mada "mvua" na kipande cha lubugo ndani yake. Limeitwa "shindano", kisha linalalamikia "changamoto ya nyuzi". Yote mawili yamekosewa.

Changamoto ni ndugu wa changamka na changamsha: ni jambo linalokuamsha, likakutia hamu ya kujaribu uwezo wako. Shindano lina mshindi na tuzo. Hapa hakuna hata kimoja. Uhaba wa nyuzi ni tatizo, na ukisimamisha kazi ni kikwazo. Tukiyaita yote changamoto, tutaita nini kile kinachotusisimua?

Na lubugo kinasisimua kweli. Ni gome la mti uitwao mutuba lililopondwa kwa nyundo za mti mpaka likatanuka likawa kitambaa. Ufundi wake umo katika orodha ya UNESCO tangu 2008. Hakifumwi, na penye tundu Waganda hutia kiraka. Kukioanisha na pamba laini katika mfarishi mmoja, hiyo ndiyo changamoto. Tangazo liandikwe hivyo.