Vivutio vya utamaduni na historia katika Bonde la Aosta

Bonde la Aosta (kwa Kiitaliano Valle d'Aosta, kwa Kifaransa Vallée d'Aoste) ni mkoa wa milimani ulioko pembe ya kaskazini-magharibi ya Italia, ukipakana na Ufaransa na Uswisi. Ndio mkoa mdogo kuliko yote nchini humo, wenye eneo la kilomita za mraba 3,261. Katikati unapita mto Dora Baltea, na pande zote imesimama milima mikubwa ya Alpi: Mont Blanc, Cervino, Monte Rosa na Gran Paradiso. Kiitaliano na Kifaransa ni lugha rasmi zenye hadhi sawa kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1948 iliyoupa mkoa mamlaka ya ndani. Vijijini bado kunasemwa lugha ya wenyeji, ambayo wao huiita patois.

Tangu zama za kale bonde hili ni njia ya kuvukia Alpi. Kwa sababu hiyo, majengo yake mengi ya kihistoria yana uhusiano na njia hiyo: kuna yaliyoipitisha, yaliyoizuia, na yaliyompokea msafiri. Makala hii inayafuata kwa mpangilio wa safari, kutoka lango la bonde upande wa chini hadi Courmayeur, chini ya Mont Blanc.

## Historia kwa ufupi

Wakazi wa kale wanaojulikana kwa jina ni Wasalassi, waliomiliki machimbo ya dhahabu na kutoza ushuru kila aliyepita. Mwandishi Strabo anasimulia kwamba hata jemadari Decimus Brutus, alipokuwa akikimbia na jeshi lake, alilazimika kulipa drakma moja kwa kila askari. Mwaka 25 KK Warumi chini ya Aulus Terentius Varro Murena waliwashinda Wasalassi. Strabo anaeleza kuwa zaidi ya watu 36,000 waliuzwa utumwani mjini Eporedia, Ivrea ya leo. Penye kambi ya jeshi palijengwa mji wa Augusta Praetoria, wakapewa askari wastaafu 3,000 na familia zao. Jina Aosta limetokana na hilo Augusta. Katika Zama za Kati bonde liliingia chini ya ukoo wa Savoia, na mabwana wa hapo, hasa ukoo wa Challant, wakajenga ngome nyingi kandokando ya njia.

## Lango la bonde: Pont-Saint-Martin, Donnas na Bard

Mji wa kwanza ni Pont-Saint-Martin, wenye daraja la Kirumi la tao moja juu ya kijito cha Lys. Wenyeji husimulia kwamba lilijengwa na shetani kwa ahadi ya kupewa roho ya kwanza itakayovuka. Mtakatifu Martino akamvusha mbwa, shetani akaondoka mikono mitupu.

Kilomita chache mbele, huko Donnas, Warumi walichonga barabara ndani ya mwamba kwa urefu wa mita 221. Mwamba wenyewe ndio sakafu, ukuta na tao linalovuka juu ya njia. Magurudumu ya mikokoteni yameacha mifereji katika jiwe, kiasi cha kuweza kuingiza mguu. Karibu na tao kuna jiwe la maili lenye tarakimu XXXVI, yaani maili 36 za Kirumi kutoka Aosta. Katika Zama za Kati tao hilo lilikuwa mlango wa kijiji.

Ngome ya Bard imekaa juu ya jabali mahali bonde linapobanwa kabisa. Mwezi Mei 1800 askari wa Austria wapatao 400 walilizuia hapo jeshi la Napoleon la watu kama 40,000 kwa takriban wiki mbili. Wafaransa walipitisha mizinga usiku ndani ya kijiji, huku wametandaza majani makavu na samadi barabarani ili magurudumu yasisikike. Baada ya ngome kusalimu amri, Napoleon aliamuru ibomolewe. Iliyopo leo ilijengwa kati ya 1830 na 1838 na sasa ni kituo cha makumbusho, ikiwemo Makumbusho ya Alpi.

## Bonde la Lys na Wawalser

Kutoka Pont-Saint-Martin linapanda bonde la pembeni la Lys. Juu kabisa, katika vijiji vya Gressoney, wanaishi Wawalser, watu wenye asili ya Kijerumani waliovuka milima katika Zama za Kati. Nyumba zao ziitwazo stadel ni za magogo, nazo huinuliwa juu ya vijiguzo vyenye kipande cha jiwe bapa juu, mfano wa uyoga. Panya akipanda kijiguzo hukwama chini ya jiwe, nafaka iliyo ghalani ikasalimika. Aliyezoea ghala lililoinuliwa juu ya nguzo la Afrika Mashariki ataitambua hekima hiyo mara moja.

Malkia Margherita wa Italia alipenda kukaa Gressoney wakati wa kiangazi. Kasri lake, Castel Savoia, lilijengwa kati ya 1899 na 1904 na hutembelewa na wageni.

## Makasri ya ukoo wa Challant

Ngome ya Verrès, iliyokamilishwa mwaka 1390 na Ibleto wa Challant, ni mchemraba wa mawe wenye kila upande wa mita 30 hivi, bila pambo la nje. Iko juu ya mwamba, na ujumbe wake kwa mpita njia uko wazi.

Ng'ambo ya mto liko kasri la Issogne, ambalo kwa nje halina dalili ya vita. Georges wa Challant, aliyekuwa padre na mkuu (priori) wa kanisa la Sant'Orso mjini Aosta, alilijenga upya mwishoni mwa karne ya 15. Uani kuna chemchemi yenye mkomamanga wa chuma, na maji hutiririka kutoka matawini. Chini ya matao ya uani, kuta zimechorwa maduka ya wakati ule: bucha, duka la mikate, duka la dawa, fundi nguo na meza yake, soko la matunda na mboga, na walinzi wakicheza kamari. Michoro ya maisha ya watu wa kawaida kwa kiasi hicho ni nadra katika kasri la mabwana. Wageni wa karne zilizopita nao walikwangua majina na maoni yao ukutani. Mchoraji Vittorio Avondo alilinunua kasri mwaka 1872, akalikarabati na kulikabidhi serikalini mwaka 1907.

Kasri la Fénis, lenye kuta mbili na minara mingi, liko mahali tambarare pasipofaa kwa ulinzi. Lilikuwa makazi ya fahari. Uani, juu ya ngazi za nusu duara, kuna picha ya Mtakatifu Georgi akimuua joka.

## Mji wa Aosta

Kuta za Augusta Praetoria bado zinauzunguka mji wa kale. Lango la Porta Praetoria lina kuta mbili zenye ua katikati, na ukuta wa mbele wa jumba la maigizo umebaki na kimo cha mita 22. Nje ya mji limesimama Tao la Augusto, lililofunikwa paa la mawe katika karne ya 18 ili kuzuia mvua. Karibu nalo kuna daraja la Kirumi lisilo na mto: kijito cha Buthier kilihama mkondo, daraja likabaki juu ya nchi kavu.

Kanisa la Sant'Orso lina ua wa watawa wa karne ya 12, ambao vichwa vya nguzo zake vimechongwa visa vya Biblia. Katika kanisa kuu, sakafu ya mozaiki inaonyesha miezi 12 na kazi za kila mwezi. Kwenye eneo la Saint-Martin-de-Corléans, lililogunduliwa mwaka 1969, wachimbaji walikuta mistari ya jembe la kale na meno ya binadamu yaliyopandwa ardhini kama mbegu.

Kila tarehe 30 na 31 Januari hufanyika mnada wa Sant'Orso. Mafundi huuza vinyago, viatu vya mbao, nguo za sufu na vyombo vya mawe.

## Nyumba ya wasafiri na Pont d'Aël

Kaskazini mwa Aosta barabara inapanda hadi njia ya Gran San Bernardo, mita 2,469, upande wa Uswisi. Katikati ya karne ya 11 Bernardo, shemasi mkuu wa Aosta, alianzisha hapo nyumba ya kuwapokea wasafiri, ambayo mbwa wake wa uokoaji wamekuwa mashuhuri. Barabara ya juu hufungwa kwa theluji wakati wa baridi, lakini tangu 1964 magari hupita katika handaki.

Magharibi mwa Aosta kuna Pont d'Aël, daraja la mfereji wa maji la mwaka 3 KK, linalovuka korongo refu. Maji yalipita juu, watu na wanyama wakapita katika ushoroba uliofunikwa chini yake. Maandishi yake yanaeleza kuwa ni mali binafsi ya Caius Avillius Caimus wa Padova.

## Courmayeur na waongozaji wa milima

Njia inaishia Courmayeur, kwenye mdomo wa handaki la Mont Blanc lililofunguliwa mwaka 1965. Chama cha waongozaji wa milima cha hapo kilianzishwa mwaka 1850, na nyumba yao ina makumbusho yenye jina la Duke wa Abruzzi, Luigi Amedeo wa Savoia.

Kazi yao ya kuwavusha wageni haikuishia Alpi. Mwaka 1899 waongozaji wawili wa Courmayeur, César Ollier na Joseph Brocherel, walifika pamoja na Halford Mackinder kileleni Batian, kilele cha juu kabisa cha Mlima Kenya, wakiwa watu wa kwanza kurekodiwa kufika hapo. Mwaka 1906 wote wawili walirudi Afrika Mashariki pamoja na Joseph Petigax, katika msafara wa Luigi Amedeo kwenye Ruwenzori. Kilele cha juu, mita 5,109, mpakani mwa Uganda na Kongo, kiliitwa Margherita kwa heshima ya malkia yule wa Gressoney. Nao waongozaji wawili wa 1899, majina yao ya kwanza yalipewa barafuto mbili za Mlima Kenya: César na Josef.