Beni: usalama na imani ya raia baada ya operesheni dhidi ya ADF

Beni ni mji na wilaya katika Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Januari 2014 jeshi la taifa, FARDC, lilianza operesheni Sukola 1 dhidi ya ADF, waasi wenye asili ya Uganda, likateka kambi zao kubwa msituni. Oktoba mwaka huohuo raia wakaanza kuchinjwa vijijini kwa mapanga na shoka. Idadi ya kambi zilizotekwa, basi, ni kipimo hafifu cha usalama. Wenyeji wana vipimo vyao: je, mkulima anaweza kwenda kuvuna kakao na kurudi? Barabara ya Beni–Kasindi inapitika bila msafara wa kijeshi? Na anayeona wageni msituni, anathubutu kumpigia askari simu?

Swali hilo la mwisho ndilo gumu. Mwaka 2018 Umoja wa Mataifa ulimwekea vikwazo Jenerali Muhindo Akili Mundos, aliyewahi kuongoza Sukola 1, ukimhusisha na mauaji yaleyale. Novemba 2019 wakazi wenye hasira kwa kutolindwa walivamia kituo cha Monusco, ujumbe wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa, mjini Beni.

Hali ya dharura ilitangazwa Mei 2021, na Novemba 30 majeshi ya Kongo na Uganda yakaanzisha Operesheni Shujaa, ingawa uvamizi wa Uganda wa 1998 ulikuwa haujasahaulika. Makundi ya ADF yalitawanyika. Juni 2024 yaliua raia wengi Lubero, kusini mwa Beni.