Moyo ukiwa dhaifu, je, mgonjwa afanye mazoezi?

Moyo kushindwa kufanya kazi si moyo kusimama. Maana yake ni kwamba hausukumi damu ya kutosha, ndiyo maana mgonjwa huishiwa pumzi na miguu huvimba. Zamani aliambiwa apumzike kitandani. Leo tunajua kuwa kukaa tu hudhoofisha misuli, naye akazidi kuchoka.

Utafiti uitwao HF-ACTION, uliotolewa mwaka 2009, ulifuatilia wagonjwa 2,331 wa Marekani, Kanada na Ufaransa. Ulionyesha kwamba mazoezi ni salama kwa wagonjwa ambao hali yao imetulia.

Uanzeje? Kwanza mwone daktari, na dawa usiache. Tembea dakika 5 hadi 10 mahali tambarare, jua likiwa si kali, kisha ongeza kidogo kidogo. Ukishindwa kuongea huku unatembea, punguza mwendo.

Ukisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, acha na uwahi kituo cha afya. Uzito ukiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, maji yanajaa mwilini: usifanye mazoezi, nenda ukapimwe kwanza.