Roho Mtakatifu au roho takatifu?

Pentekoste ya 2022 iliangukia Jumapili tarehe 5 Juni. Kwetu huku Dubai ilikuwa ya kwanza tangu mapumziko ya wiki yahamishiwe Jumamosi na Jumapili, Januari mwaka ule (zamani makanisa ya Jebel Ali yalifurika Ijumaa). Jioni, baada ya ibada, tukakaa watu wanne kando ya maji hapa Jumeirah Lake Towers, joto kali ajabu, tunakunywa chai. Kijana mmoja wa Nairobi akasema, "Leo Roho ilishuka kweli." Ualimu ukanizidi, nikamkatiza: "Alishuka, si ilishuka."

Basi akataka nimweleze kwa nini, na hapo ndipo pana historia.

Pentekoste ni neno la Kigiriki, maana yake "ya hamsini". Wayahudi walihesabu siku hamsini toka Pasaka mpaka sikukuu ya mavuno ya ngano. Luka, katika Matendo ya Mitume sura ya 2, anaieleza siku hiyo kwa vitu: uvumi kama wa upepo, ndimi kama za moto. Halafu mahujaji wa mataifa mengi, Waarabu wakitajwa mwisho kabisa, kila mmoja anasikia lugha ya kwao. Petro anawatetea wenzake kwamba hawajalewa, kwani ni saa tatu tu (hapo Mswahili hahitaji tanbihi, saa za Luka ndizo zetu). Sasa, kilishuka nini? Au alishuka nani?

Sarufi ya Kigiriki haisaidii. Pneuma si neno la kike wala la kiume, na maaskofu walibishana sana mpaka Mtaguso wa Konstantinopoli, mwaka 381, ulipomkiri Roho kuwa Bwana.

Kiswahili kinalazimika kuchagua kila kinapofungua mdomo. Neno roho tulilipata kwa Waarabu, na lilikuwa limeshatulia Pwani kabla Krapf hajafika Mombasa mwaka 1844 na Steere Unguja mwaka 1864. Kwa kawaida twasema roho yangu imetulia. Lakini Biblia ya Muungano ya 1952 inasema Roho Mtakatifu, na vitenzi vinamfuata kama mtu. Mashahidi wa Yehova, ambao hawakubali kwamba ni nafsi, huandika roho takatifu. Yaani ubishi wote ule wa 381 umebebwa na M moja!

Nimewahi kusikia eti wazungu ndio walioilazimisha sarufi yetu. Mimi sikubali. Pwani ilikuwa na nafasi ya viumbe wasioonekana wenye hiari yao: jini mkubwa, malaika mwema. Biblia hiyo hiyo husema pepo mchafu, si pepo chafu, kwa hiyo M haileti utakatifu, inaleta uhai na kutaka. Mtafsiri aliitoa roho katika pumzi iliyo ndani ya mtu akaiweka safu moja na wale wanaokuja na kuondoka kwa kupenda wao. Majirani zetu Waislamu, ambao kwao Ruhul-Qudusi ni Jibrili, hawashangai kusikia M ile, ingawa wanayemfikiria ni mwingine.

Kijana alinisikiliza mpaka chai ikapoa. Kisha akasema, "Mwalimu, kwetu hata mama 'iko' nyumbani. Si ati mama ni kitu."

Nikacheka, maana sikuwa na jibu. Yeye amezaliwa Nairobi, na hicho ndicho Kiswahili alichoanza nacho kusema. Mimi nilianza na Kichaga, Kiswahili nikakikuta darasa la kwanza, pamoja na ngeli zake na fimbo. Kwa hiyo pale mezani, aliyeipokea habari ya Pentekoste kwa lugha ya kwao alikuwa ni yeye, na mimi ndiye niliyekuwa namsahihisha.