Kutarakimisha: jina sahihi la kazi ya kuokoa mikanda ya video

Kutarakimisha ni kuigeuza ishara ya umeme inayopanda na kushuka mfululizo, kama ile iliyomo kwenye mkanda wa VHS, iwe mfuatano wa namba. Mwenye mkanda wa harusi, wa upadrisho au wa mazishi mjini Mpanda, mkoani Katavi, humpelekea fundi mwenye deki, naye humrudishia faili kwenye flashi. Kazi ipo, ila haijapewa jina linaloifaa. Fundi husema "kuhamisha". Wengine huandika "kunakili". Nyaraka za ofisi husema "kubadilisha kuwa katika mfumo wa kidijitali", maneno sita kwa tendo moja, na hiyo ni fasili iliyovishwa joho la istilahi.

"Kunakili" ndilo lenye kasoro kubwa zaidi. Deki mbili zikiunganishwa, mkanda ukarekodiwa kwenye mkanda mwingine, kinachopatikana ni nakala: bado ni analojia, na ni hafifu kuliko asili. "Kuhamisha" nalo hutaja chombo tu. LaserDisc, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1978, inang'aa kama CD na husomwa kwa leza, lakini picha yake ni ya analojia. Filamu iliyotolewa kwenye mkanda ikatiwa kwenye diski hiyo imehama, wala haijawa namba.

Wapo wanaopendekeza "kudijitisha". Shina lake ni neno la Kilatini *digitus*, yaani kidole, kwa kuwa watu walihesabu kwa vidole. Msemaji wa Kiswahili hasikii humo kidole wala hesabu. Isitoshe, maana ya "dijitali" imekwisha kutawanyika. Mitambo ya televisheni ya analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na neno hilo likaenea nchini pamoja na king'amuzi. Leo kila kitu cha kisasa huitwa cha kidijitali, hata tabia ya mtu. Kitenzi cha kitaalamu hakiwezi kusimama juu ya msingi uliolegea hivyo.

"Tarakimu" halina udhaifu huo. Limetoka katika mzizi wa Kiarabu r-q-m, uliotoa pia *raqam*, namba. Na *tarqim* ni tendo lenyewe la kutia namba. Kwa hiyo maana inayotafutwa imo ndani ya neno tangu asili, na mtoto wa shule ya msingi Mpanda analijua. Kiambishi -isha ni cha kawaida: taifa lilizaa "kutaifisha", kitenzi kilichovuma mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha; rasmi likazaa "kurasimisha", ambalo wananchi wamelizoea kupitia MKURABITA, mpango wa serikali wa kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge. Anayekubali "kurasimisha" hana hoja ya kukataa "kutarakimisha" kwa kisingizio cha urefu. Hata hivyo, kamati zinazokutana kusanifisha maneno hupitisha virai virefu na kuliacha neno lililo mkononi. Huo si uangalifu. Ni uzembe wa kitaaluma. Kitenzi hiki pia kinazaa ukoo mzima: utarakimishaji ni kazi, mtarakimishaji ni fundi, kitarakimishi ni kifaa kinachounganisha deki na kompyuta.

Jina hili linaeleza hata ubora wa picha. Katika mfumo wa PAL, uliotumika Tanzania, picha ina mistari 625, na 576 kati yake ndiyo yenye picha. Kitarakimishi hupima kila mstari mara 720 na kukipa kila kipimo namba ya mwangaza kwenye mizani ya 0 hadi 255. Bila kubanwa, saa moja ya picha hufikia takriban gigabaiti 75. Kwa matumizi ya nyumbani: safisha vichwa vya deki, tumia waya wa S-Video deki ikiwa na tundu lake, kinga mitambo dhidi ya umeme unaoyumba, bana faili mwishoni tu, na usitupe mkanda.

Muda ni mfupi. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha mwaka 2016, na mikanda inazidi kuota ukungu. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, hivyo mikanda ya nyumbani ya kabla ya hapo ni miongoni mwa kumbukumbu chache za picha zinazotembea za watu wa kawaida. Wahariri, walimu na mafundi wa Katavi wasisubiri kikao: waandike "kutarakimisha" vitabuni, magazetini na kwenye mabango ya maduka yao.